Sura ya Saba: Lango la Zamani, Litengenezwe au Liuzwe kwa Kilo?

Mtu aliyerithi au kununua nyumba ya zamani mjini Likasi hakosi kuulizwa swali hili na jirani, na fundi, na hata watoto wake mwenyewe: hili lango utalifanya nini? Limeoza chini, linakwaruza sakafu, ua moja limekatika na jingine limefungwa kwa waya. Mnunuzi wa chuma chakavu amekwisha kupita akilitupia jicho. Geti jipya la bati linachomelewa kwa siku mbili. La zamani lina faida gani tena?

Jibu la sura hii ni kwamba malango mengi yanayoishia kwenye mizani ya chuma chakavu yalikuwa bado mazima kwa sehemu kubwa. Yakikaguliwa kwa makini, ugonjwa hukutwa sehemu chache zinazojulikana: upau wa chini, egemeo linalobeba uzito, miguu ya nguzo, na pale vyuma viwili vinapolaliana. Kuanzia gotini kwenda juu, chuma huwa kina afya yake. Kinachoua lango la namna hii haraka kuliko kutu ni matengenezo ya pupa, yanayofanywa na mtu asiyejua ana chuma gani mkononi.

Yalifikaje hapa

Likasi ni mji wa shaba, na malango yake yaliifuata shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Mwaka 1910 reli kutoka kusini ilifika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, na tangu hapo vyuma vizito vikaweza kuletwa kwa behewa badala ya kubebwa vichwani. Mashariki mwa Likasi, kwenye maporomoko ya mto Lufira, kituo cha umeme cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930, na bwawa lake ndilo lililozaa Ziwa Tshangalele. Umeme huo uliendesha viwanda, viwanda vikavuta watu, na mji ukapanuka. Wakati huo wa ukoloni uliitwa Jadotville, kwa jina la Mbelgiji Jean Jadot, hadi 1966.

Hiyo ndiyo miaka ambayo Ulaya ilikuwa ikibadilisha ladha yake. Brussels ilikuwa imezoea vyuma vya mbunifu Victor Horta, vinavyojikunja na kupanda kwa umbo la mimea. Kisha yakaja maonyesho makubwa ya sanaa za mapambo mjini Paris, mwaka 1925, ambayo ndiyo yaliyoupa jina mtindo wa ar-deko: mistari iliyonyooka, vidato vya ngazi, miale ya jua, nusu duara zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mitindo yote miwili iliingia Katanga ikiwa imechanganyika. Ndiyo maana utaona lango lenye fremu kavu ya ar-deko, na katikati yake vyuma vilivyojikunja vya kizazi kilichotangulia.

Haifai kuficha kwamba mitaa ya Wazungu ilitengwa na kambi za wafanyakazi, na kwamba lango lilikuwa sehemu ya utengano huo. Wapo watu wenye busara wanaosema kwa sababu hiyo halistahili jasho la mtu leo. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Katanga mwaka 1911 na wakafundisha vijana kazi za mikono. Karakana kuu za Panda, hapa hapa Likasi, zililea vizazi vya mafundi wa chuma. Mwenye nyumba alikuwa Mbelgiji, lakini kwa kiasi kikubwa nyundo ilikuwa mikononi mwa Wakongo. Na ufundi wa moto na madini haukuletwa na reli. Karne nyingi kabla ya reli, watu wa nchi hii waliyeyusha shaba na kuimimina katika misalaba iliyotumika kama fedha, ile ile iliyochorwa mitatu kwenye bendera ya Katanga ya 1960 hadi 1963. Anayeuza lango kwa kilo anauza pia kazi ya fundi ambaye jina lake halikuchongwa juu yake.

Tazama walivyofanya Mwadingusha. Ukarabati mkubwa wa kituo hicho ulipokamilika mwaka 2021, mitambo yake sita ikiwa na uwezo wa takriban megawati 78, kituo kilikuwa kimetimiza miaka 90. Hakuna aliyesema kibomolewe kwa sababu ya umri. Kilichochakaa kilibadilishwa, kilicho kizima kikaachwa mahali pake. Lango la nyumbani linahitaji hukumu hiyo hiyo.

Jua una chuma gani

Neno chuma linafunika vitu vitatu tofauti, na kila kimoja kina tabia yake mbele ya moto.

Cha kwanza ni chuma cha kufua. Hiki ni chuma cha kale, kilichosafishwa kwa kupigwa kikiwa moto hadi kikawa na nyuzi ndani, ambazo utaziona mahali kilipovunjika au kilipoliwa na kutu kwa muda mrefu. Kinapindika bila kukatika na hustahimili kutu kwa subira. Viwanda viliacha kukitengeneza kidogo kidogo katika karne ya 20.

Cha pili ni chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu ya mchanga. Mikuki ya juu ya lango, mawaridi, vifungo vya katikati na vichwa vya nguzo mara nyingi ni vya namna hii. Kina kaboni nyingi, na hiyo hukifanya kiwe kigumu lakini chepesi kukatika. Kikigandamizwa hubeba mzigo mkubwa sana: veranda za Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ziliegemea nguzo za chuma cha kusubu. Lakini ukikivuta au kukipinda, kinapasuka bila kutoa onyo.

Cha tatu ni feleji laini, chuma cha kiwandani kinachouzwa hadi leo kama nondo, pau bapa na mabomba. Malango mengi ya Likasi, kwa kuwa ni ya miaka ya 1930 na kuendelea, fremu yake ni feleji laini, na mapambo yake ni mchanganyiko.

Kuvitofautisha si kazi ngumu. Tafuta mahali pasipoonekana, gusa kidogo kwa jiwe la grenda, tazama cheche:

- Chuma cha kufua hutoa cheche ndefu za rangi ya majani makavu, na hazichanui sana.
- Feleji laini hutoa cheche ndefu, nyeupe zaidi, zinazogawanyika matawi mwishoni.
- Chuma cha kusubu hutoa cheche fupi, nyekundu, zinazokufa karibu na jiwe.

Macho nayo yasaidie. Kitu kilichosubiwa huwa na mstari mwembamba ubavuni, pale nusu mbili za kalibu zilipokutana, na kikivunjika ndani yake ni punje za kijivu. Kilichofuliwa kina alama za nyundo, na ukilinganisha maua mawili yaliyofuliwa utaona hayalingani kabisa.

Tofauti hizi zina uzito kwa sababu fundi wa kuchomelea aliyezoea feleji atafika na fimbo zake za kawaida, ataunga ua la chuma cha kusubu kwa dakika tano, na utamlipa ukiwa umeridhika. Moto ule umepasha sehemu ndogo ghafla huku sehemu nyingine ikiwa baridi. Kinapopoa, kiungo kinajivuta, chuma kisichojua kunyumbuka kinashindwa kukifuata, na ufa mpya unatokea pembeni mwa kiungo. Baada ya wiki ua liko chini tena, na safari hii limepoteza kipande.

Kutu hula wapi

Kutu inahitaji chuma, hewa na maji. Hewa hutaizuia, basi vita vyote ni juu ya maji, na hasa maji yanayokaa. Maji yanayoteremka yakaenda zake hayana madhara makubwa. Yanayojificha katikati ya pau mbili zilizolaliana ndiyo yanayokula usiku na mchana.

Kutu ina tabia moja ambayo watu wengi hawaijui: inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Pau mbili zilizofungwa kwa ribiti, kutu ikijaa katikati yao, husukumana hadi zinapinda na ribiti inakatika kichwa. Ukiona pau iliyovimba usiipige nyundo kuirudisha. Ndani mna kutu iliyoshikamana kama jiwe, na haina budi kutolewa kwanza.

Katanga ina maadui wake. Vumbi letu jekundu hujaa kwenye kila pembe na kila kikunjo, hunywa maji ya mvua na kuyashika siku nzima baada ya jua kutoka. Moshi wenye salfa kutoka viwanda vya madini ukikutana na unyevu hugeuka asidi, na asidi haikihurumii chuma. (Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam aweke chumvi ya bahari mahali pa salfa, matokeo yanafanana, isipokuwa chumvi ina haraka zaidi.)

Adui mwingine tunamleta wenyewe. Likasi waya wa shaba haukosekani, na mkono wa mtu huuendea kila kitu kinapolegea. Ua limechomoka, linafungwa kwa waya wa shaba. Komeo limekatika, linafungwa kwa waya wa shaba. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, umeme mdogo sana hupita kati yao, na moja hulika ili nyingine ipone. Kati ya shaba na chuma, anayelika ni chuma. Fungua waya wa namna hiyo uliokaa miaka michache utazame chini yake: shaba bado inang'aa ukiikwaruza, lakini chuma kimechimbika mfereji unaofuata kila mzunguko wa waya. Kama ni lazima ufunge kwa muda, tumia waya wa chuma.

Mwisho tazama miguu ya nguzo. Nguzo ya chuma iliyosimikwa kwenye zege huoza pale pale inapoingia kwenye zege, kwa sababu ufa mwembamba hufunguka pembezoni na maji yakatulia humo. Chukua nyundo ndogo ugonge kuanzia juu ukishuka. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kufa. Weka alama ya chaki pale sauti inapobadilika.

Kwa ufupi: kabla ya kumwita fundi, uwe umejua lango lako lina chuma cha aina gani na wapi, na uwe umechora kwa chaki kila mahali palipooza. Lisaa limoja la kukagua linaweza kuokoa nusu ya gharama.

Lango linalokwaruza sakafu

Lango likianza kukwaruza, wengi hukata upau wa chini ili lipite. Msikate. Lango halikurefuka. Kitu kimeshuka.

Malango mengi mazito ya zamani hayakuning'inizwa kwa bawaba kama mlango wa chumbani. Chini ya nguzo ya lango kuna ncha ya chuma inayokaa ndani ya kikombe kilichozikwa ardhini, na juu kuna pete inayoishika nguzo isianguke. Uzito wote unashuka kwenye kikombe. Pete inaongoza tu. Ni mpango wenye akili sana, kwa kuwa ukuta haubebi mzigo. Udhaifu wake ni kikombe chenyewe. Kiko chini, hakionekani, kinajaa udongo na maji, na ncha inasagika humo milimita kwa milimita. Lango linashuka, ncha ya mbele inagusa sakafu, na mtu anayelisukuma kwa nguvu kila siku anaipinda fremu.

Tiba yake huanza na timazi, ile kamba yenye uzito mwishoni ambayo waashi hutumia kujua kama ukuta umesimama wima. Ining'inize kando ya nguzo ya ukuta. Ikiwa nguzo imeinama, labda kwa sababu ya mzizi wa mti au lori lililogonga zamani, kazi ya kwanza ni ya mwashi, na fundi wa chuma asubiri. Ikiwa nguzo iko wima, inua lango kwa jeki ukiweka ubao katikati, litoe, na usafishe kikombe hadi uone chuma. Ncha iliyosagika huongezwa kwa kuchomelewa kisha husuguliwa hadi iwe mviringo tena. Kikombe kilichotoboka hubadilishwa. Jaza grisi nzito, rudisha. Lango ambalo watu wawili walikuwa wakilisukuma kwa bega mara nyingi litafunguka kwa mkono mmoja wa mtoto, na upau wa chini hujaukata hata kidogo.

Rangi ya chini ina sumu

Hapa nawaomba wasomaji wasiruke ukurasa. Hadi katikati ya karne ya 20, na mahali pengine baada ya hapo, rangi ya kwanza iliyopakwa chumani kuzuia kutu ilikuwa rangi nyekundu ya risasi, metali ile nzito ya kwenye betri za magari. Ilifanya kazi yake vizuri sana. Lakini vumbi la risasi likiingia mwilini halina faida yoyote, na kwa mtoto mdogo huharibu ubongo unaokua. Mtoto hahitaji kula rangi. Inatosha acheze chini ya lango linalosagwa, kisha atie vidole mdomoni.

Ichukulie kila rangi ya zamani kuwa ina risasi. Maana yake ni hii:

- Grenda na msasa mkavu visitumike kuondoa rangi. Kwangua ikiwa imeloweshwa kwa maji.
- Usiichome kwa moto wa gesi. Mvuke wake ni mbaya kuliko vumbi.
- Tandaza plastiki chini, kusanya maganda yote, yafunge kwenye kopo lenye kifuniko. Yasitupwe bustanini wala yasichomwe na takataka.
- Watoto, kuku na chakula vikae mbali. Fundi avae barakoa nzuri, anawe kabla ya kula, na asirudi nyumbani na nguo za kazi.

Rangi nyekundu ya kisasa dukani kwa kawaida imetengenezwa kwa oksidi ya chuma, na hiyo ni kitu kingine, kwa hiyo wekundu peke yake si ushahidi. Umri wa lango ndio ushahidi.

Kabla ya kukwangua kila kitu, chagua mahali palipojificha na ukwangue taratibu eneo dogo, tabaka baada ya tabaka. Utaona historia ya nyumba kwa rangi: nyeusi ya juzi, fedha ya enzi nyingine, kijani, na chini kabisa rangi lango lilipozaliwa nayo. Wengi hushangaa kukuta kwamba lango waliloliona jeusi maisha yao yote lilianza likiwa kijani au kijivu.

Kazi ya moto

Sasa tuseme upau wa chini umekwisha na kikunjo kimoja kimekatika. Lango liko chini, limelazwa juu ya vigogo viwili. Kabla ya kukata chochote, fundi mzuri hupima kutoka pembe hadi pembe, mshazari mmoja kisha wa pili. Vipimo vikilingana, fremu iko sawa. Visipolingana, huinyoosha sasa, kwa sababu upau mpya ukishafungwa kwenye fremu iliyopinda, utaishika ibaki imepinda.

Upau mpya uwe na upana na unene ule ule wa zamani. Ukitia mwembamba, lango litalegea. Ukitia bomba la mraba kwa kuwa ndilo lililopo dukani, umeleta chombo cha kukusanyia maji ndani. Kama upau wa zamani una umbo la mfereji unaotazama juu, toboa vitundu vya milimita 8 kila baada ya hatua ili maji yatoke. Fundi wa kwanza labda hakuvitoboa, na ndiyo sababu umeoza.

Kikunjo kinatengenezwa hivi. Kile kizima cha upande wa pili huchorwa kwa chaki sakafuni, ukubwa wake halisi. Kamba hulazwa juu ya mchoro, ikifuata kila mzunguko, kisha hunyooshwa na kupimwa: huo ndio urefu wa pau inayohitajika. Pau huingia kwenye moto wa makala, kama tunavyouita mkaa huku Katanga, na mtu mmoja anazungusha feni. Hapo jicho la fundi ndilo kipimajoto. Chuma kikiwa rangi ya damu ya mzee bado ni mapema. Ukikigonga, hasa chuma cha kufua, kitachanika kwenye nyuzi zake. Kinafaa kikifika rangi ya chungwa bivu, karibu digrii 1,000. Kikianza kuwa cheupe na kutoa cheche chenyewe, kimeungua, na hakuna dawa ila kukata ncha hiyo. Kwenye fuawe, ncha hugongwa kwanza ikawa nyembamba, maana kikunjo kizuri huanza kwa ncha iliyochongoka. Ndipo hupindwa kidogo kidogo, kikirudishwa motoni kila kinapopoteza rangi, na kila mara kikilazwa juu ya mchoro wa chaki.

Kiungo kifuate desturi ya lango. Kama vya zamani vimefungwa kwa ribiti, kipya nacho kifungwe kwa ribiti. Sababu yake ni zaidi ya sura. Ribiti ikipigwa kichwa ingali nyekundu, inapopoa hujifupisha na kuvivuta vyuma viwili vikabana kuliko mkono unavyoweza, na vinabaki vikinyumbuka kidogo jua linapopanda na kushuka. Kabla ya kubana, pande zote mbili zinazolaliana zipakwe rangi ya kuzuia kutu. Baada ya hapo hakuna brashi itakayofika humo tena.

Sikatai kuchomelea. Kwenye fremu ya feleji, mahali pasipoonekana, ni kazi halali na imara, mradi kiungo kizungukwe pande zote. Kuchomelea upande mmoja na kuacha upande wa pili wazi ni kuifungulia kutu mlango.

Ua lililopotea

Chuma cha kusubu kilichopasuka lakini vipande vipo kinaweza kuungwa kwa shaba ya njano na moto wa gesi. Shaba hiyo, ambayo ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki, huyeyuka karibu digrii 900, na chuma cha kusubu hakiyeyuki kabla ya kuvuka 1,100. Basi shaba inapita kwenye ufa kama gundi huku chuma kikibaki kigumu. Kipande chote kipashwe moto pole pole kwanza, na baada ya kuungwa kifukiwe kwenye majivu kipoe hadi kesho. Kuna tahadhari moja, kutokana na tuliyoyasema juu ya shaba: kiungo hicho kifunikwe kwa rangi kikamilifu, maji yasikione. Ziko pia fimbo maalum za nikeli za kuchomelea chuma cha kusubu, lakini ni ghali na zinataka mkono uliozizoea.

Ua likiwa limepotea kabisa, tumia lililobaki kama kielelezo cha kutengenezea kalibu. Jambo moja la kuzingatia: metali ikipoa husinyaa. Chuma cha kusubu hupungua kama asilimia moja, alumini zaidi kidogo. Kwenye ua dogo hutaona tofauti, lakini kwenye paneli ya mita moja ni sentimita nzima, na haitaingia kwenye nafasi yake. Na ukifanya nakala ya nakala, upungufu unajumlishwa. Kielelezo kiwe ua la asili, kimenenepeshwa kidogo kwa nta au putiki.

Nani atasubu? Watu walewale wanaomimina sufuria za alumini kwenye kalibu za mchanga, ambao wako karibu katika kila mji wetu. Alumini huyeyuka kwenye digrii 660, moto wao unatosha, na mkono wao kwenye mchanga ni mwepesi kuliko wa fundi yeyote wa geti. Ua la alumini lililopakwa rangi halitofautishwi na la chuma kwa macho. Ila ligusane na lango kupitia rangi nzito au kipande cha mpira, kwa sababu hapa inayolika ni alumini.

Rangi na majira

Kwetu mvua huanza kunyesha kwa nguvu mwezi Novemba hadi Machi au Aprili. Kiangazi ni Mei hadi Septemba. Kazi yote ifanywe kiangazi, lakini kiangazi nacho kina mtego. Juni na Julai usiku ni baridi kali huku juu, na asubuhi chuma kinaamka na umande usioonekana. Rangi iliyopakwa saa moja asubuhi imelala juu ya maji. Ngoja saa nne, gusa chuma kwa kiganja, na uanze kikiwa kikavu na chenye uvuguvugu. Maliza kabla jua halijapoa.

Chuma kilichosafishwa hadi kung'aa kipate rangi ya kwanza siku ileile. Rangi hiyo iwe ya kuzuia kutu yenye fosfeti ya zinki, ile ambayo kwenye kopo huandikwa antirouille. Pembe na vichwa vya ribiti vipakwe kwanza kwa brashi ndogo, kwa sababu rangi hukimbia makali na kubaki nyembamba hapo. Kisha tabaka la pili, kisha rangi ya mwisho uliyoichagua. Bunduki ya kupulizia rangi inamaliza kazi haraka, lakini nyuma ya vikunjo haifiki. Mimi nachagua brashi.

Mkataba na fundi

Maswali machache humtambulisha fundi kabla hajagusa kitu. Muulize: "Fundi, hili ua ni chuma gani?" Akijibu, "Mama, chuma ni chuma," mshukuru, umpe chai, utafute mwingine. Akiinama, akalikwaruza, akatafuta mstari wa kalibu, umempata.

Mkubaliane kwa maandishi, hata karatasi ya daftari inatosha: sehemu zipi zitabadilishwa (zile zenye chaki, si zaidi), rangi ya zamani itaondolewaje, ni tabaka ngapi zitapakwa. Kila kipande kinachotolewa kirudi kwako, hata kilichooza, kwa maana ndicho kielelezo cha matengenezo yajayo. Piga picha lango lote na kila pembe kabla halijashushwa, maana vikunjo vikishalazwa chini, hakuna anayekumbuka kipi kilitazama wapi.

Malipo yagawanywe mara tatu: ya vifaa mwanzoni, ya pili lango likisimama na kufunguka bila kukwaruza, na ya tatu iachwe hadi mvua kubwa ya kwanza ya Novemba. Siku hiyo tokeni wewe na fundi mara baada ya mvua kukatika, mkatazame maji yamesimama wapi. Hapo palipobaki na maji, atoboe kitundu, kisha umlipe chake chote.